Njia 35 za Ngamiani

Swali lenyewe ni fupi. Umesimama kwenye kona ya barabara mbili za Ngamiani, Tanga. Unakokwenda ni kona nyingine, mitaa minne upande wa mashariki na mitatu upande wa kaskazini. Kila hatua iwe ya mashariki au ya kaskazini. Kurudi ulikotoka hakuruhusiwi. Kuna njia ngapi tofauti za kufika?

Aliyekulia Tanga hahitaji kuchorewa. Ngamiani imepimwa kwa mistari iliyonyooka, barabara zake zinaitwa kwa namba, na mgeni anayetafuta nyumba huelekezwa kwa kuhesabu. Swali hili huulizwa sehemu nyingi duniani katika usaili wa kazi za kuandika programu, mara nyingi kwa mfano wa roboti inayotembea kwenye karatasi ya miraba. Kuna vijana wa Usagara, hukohuko Tanga, ambao wameiondoa roboti wakaweka mji wao. Wanakutana jioni. Wengine wamemaliza chuo, wengine wamejifunza wenyewe kwa simu na kompyuta ya kuazima. Wote wanajifua kwa jambo moja: siku wakiitwa kwenye usaili, waweze kutatua tatizo wasilolijua mbele ya mtu wasiyemjua, huku wakieleza kila wanachokiwaza.

Nimewasikiliza sana nikiwa nimekaa pembeni, na nataka kuusifu ufundi huo kwa kadiri ninavyoweza. Watu wengi wanauona kama mtihani mwingine wa kukariri, mlango wa kupitia tu ili mtu apate mshahara. Mimi naona ni kazi inayojitegemea, yenye hatua na zana zake, na aliyeiva ndani yake anajulikana mapema, hata kabla hajaandika herufi moja.

Anajulikana kwa maswali yake. Asiyejiandaa akishasomewa tatizo hukimbilia kibodi, vidole vinaanza kazi kabla ya kichwa. Aliyejiandaa hutulia. Jioni moja binti mmoja alikaa kwenye kiti cha msailiwa, na kijana aliyemtangulia miaka miwili kazini akawa msaili.

"Kaka, kabla sijaanza naomba kuuliza."

"Uliza, dada."

"Inawezekana kona ninayokwenda ikawa kwenye barabara hiihii niliyosimama? Yaani upande mmoja uwe sifuri?"

"Inawezekana."

"Basi hapo njia ni moja tu, kunyoosha. Na kama nimeshafika tayari, pande zote mbili ni sifuri?"

"Wewe unaonaje?"

Alifikiri kidogo. "Nitahesabu njia moja, ya kusimama nilipo. Nikisema sifuri, hesabu zote zitakazojengwa juu yake zitakuwa sifuri."

Hapo niliweka kikombe chini. Jibu hilo la mwisho ndilo linalobeba programu nzima, na alilipata kwa kuuliza juu ya hali ambayo wengi wangeiona haina maana. Nani anauliza njia ya kwenda mahali alipo? Fundi anauliza, kwa sababu anajua kompyuta nayo itauliza.

Kisha akachukua karatasi. Hakugusa kompyuta bado. Alichora mji mdogo kabisa, mtaa mmoja kwa mmoja, akahesabu kwa kidole: njia 2. Mitaa miwili kwa mmoja: 3. Miwili kwa miwili: 6. Alihesabu zile sita moja moja, akizitaja, M kwa mashariki na K kwa kaskazini: MMKK, MKMK, MKKM, KMMK, KMKM, KKMM. Subira hii ndiyo ninayoipenda kuliko kitu kingine chochote katika maandalizi haya. Kijana mwenye papara huona aibu kuhesabu kwa kidole, akidhani msaili atamdharau. Kumbe msaili mzuri anasubiri hichohicho, maana mifano midogo ndiyo inayokuonyesha umbo la jambo, na ndiyo utakayoitumia baadaye kuipima programu yako.

Umbo likaonekana. Alisema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia: "Kona yoyote, nimefika kwake kutoka magharibi yake au kutoka kusini yake. Hakuna mlango wa tatu. Kwa hiyo njia za kufika hapa ni njia za kufika pale jumlisha njia za kufika kule." Akaanza kujaza namba kwenye kona. Barabara ya chini yote ni 1. Inayofuata ni 1, 2, 3, 4, 5. Ya tatu ni 1, 3, 6, 10, 15. Ya nne ni 1, 4, 10, 20, na kwenye kona ya mwisho, 35.

Namba hizo ni za kale. Al-Karaji, mwanahisabati wa Baghdad, alizipanga yapata miaka elfu moja iliyopita, na Wafaransa wakaja kuziita kwa jina la Pascal karne nyingi baadaye. Binti yule hakuhitaji kujua hayo. Alizifikia mwenyewe kwa kutembea Ngamiani kwenye karatasi, na kitu ulichokifikia kwa miguu yako hakikupotei kwenye usaili.

Ndipo alipoandika msimbo. Mistari minne tu ya Python: kama upande mmoja ni sifuri rudisha moja, vinginevyo programu ijiite yenyewe mara mbili, kwa kona ya magharibi na kwa kona ya kusini, ijumlishe. Programu ilikuwa sahihi. Asiyejua angeishia hapo akashangilia. Yeye aliendelea kuzungumza: "Hii inafanya kazi, lakini inasahau. Kona moja inaihesabu upya kila inapopita." Na ni kweli. Ukiipa mji wa mitaa kumi kwa kumi, wenye njia 184,756, programu ile inajiita mara 369,511. Akaipa jedwali la kukumbuka yaliyokwisha kuhesabiwa, na kazi ileile ikawa jumla 100 tu. Halafu, bila kuambiwa, akaona kwamba ili kuijaza barabara moja anahitaji kuijua ile ya chini yake peke yake, hivyo jedwali zima halina haja, mstari mmoja wa namba unatosha. Kutoka mamia ya maelfu hadi mia, na kumbukumbu ya mstari mmoja. Kila hatua ilizaliwa na sentensi aliyoitamka.

Msaili akamtia majaribuni. "Mvua imenyesha, dada. Kona iliyo mitaa miwili mashariki na mmoja kaskazini imejaa maji, haipitiki."

"Basi kona hiyo naiwekea sifuri, na hesabu inaendelea vilevile." Akajaza upya. Barabara ya pili ikawa 1, 2, 0, 1, 2. Ya tatu 1, 3, 3, 4, 6. Ya mwisho 1, 4, 7, 11, 17. Kona moja imefungwa na njia zaidi ya nusu zimepotea. Wote chumbani walishangaa, naye hakuliamini jedwali kwa kuwa ni lake. Alilihakiki kwa njia ya pili. Njia za kufika kwenye ile kona yenye maji ni 3. Kutoka hapo hadi mwisho ni 6. Tatu mara sita ni 18, na 35 toa 18 ni 17. Kufika kwenye jibu moja kwa njia mbili zisizojuana, hapo mtu anaweza kulala usingizi.

Nimelieleza swali hili moja kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu ufundi wote. Mengine ni kuongeza zana mfukoni na kujua ipi inatoka lini.

Chukua miamala ya simu, jambo ambalo kila wakala wa mjini analifahamu. Una orodha ya miamala 10,000 na unataka kujua kama kuna namba ya muamala iliyojirudia. Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kuchukua kila muamala na kuulinganisha na mingine yote: jozi 49,995,000. Njia ya pili ni kupita mara moja, na kila namba unayoiona kuihifadhi kwenye jedwali la heshi, ambalo linaweza kukujibu papo hapo kama namba hiyo ulishaiona. Hatua 10,000. Kwenye orodha ya majina ya wanafunzi wa darasa moja huoni tofauti. Kwenye mfumo wa malipo wa nchi, ndiyo tofauti ya huduma inayojibu na huduma iliyokwama. Lakini heshi inadai kumbukumbu, na fundi hasemi "hii ni bora" akanyamaza. Anasema analipa nini na ananunua nini. Wasaili wengi huandika alama zao kwenye sentensi hiyo.

Au chukua utafutaji wa kugawa nusu. Orodha imepangwa kwa mpangilio. Unaangalia katikati, unajua unachokitafuta kiko nusu ipi, unaitupa nyingine. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Ukiwapanga wote kwa namba zao za utambulisho, kumpata mmoja unahitaji kuangalia mara 26 tu, au chini ya hapo. Nilimwona kijana mmoja akiikokotoa hesabu hiyo kwa kuzidisha mbili kwa mbili ubaoni mpaka akavuka milioni sitini na moja, akasimama akiutazama ubao kwa furaha ambayo sikutaka kuikatiza.

Utafutaji huo unaonekana mwepesi, na ndio unaowaangusha wengi. Kosa la moja zaidi au moja pungufu kwenye mipaka, na programu inazunguka bila kukoma au inaruka kitu cha mwisho. Mtaalamu wa kompyuta John Mauchly aliueleza katika mihadhara ya mwaka 1946, na miaka sitini baadaye, 2006, Joshua Bloch akatangaza kwamba utafutaji uliomo kwenye maktaba ya Java, aliouandika yeye mwenyewe, ulikuwa na hitilafu. Ili kupata katikati, programu ilijumlisha mwanzo na mwisho ikagawanya kwa mbili. Orodha ikiwa kubwa mno, jumla hiyo inavuka 2,147,483,647, namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye nafasi iliyotengwa, na inageuka kuwa hasi. Dawa yake ni kuchukua mwanzo ukaongeza nusu ya tofauti. Vijana wa Usagara wanakijua kisa hicho, na wanajua pia kwamba Python haina tatizo hilo kwa kuwa namba zake kamili hukua kadiri zinavyohitajika. Ninachokipenda ni jinsi wanavyokipokea. Hawakitumii kumcheka aliyekosea. Wanakitumia kuzoea kuuliza: jumla hii inaweza kufika wapi?

Kuna kisa kingine wanachokisimulia, cha mtaalamu wa kompyuta Edsger Dijkstra. Mwaka 1956 alikuwa Amsterdam na mchumba wake, wamechoka kuzunguka madukani, wakakaa kunywa kahawa. Hapo, kwa muda wa kama dakika ishirini, bila kalamu wala karatasi, akaibuni njia ya kutafuta barabara fupi kuliko zote kati ya miji miwili. Aliichapisha 1959, na hadi leo iko katika kila maandalizi ya usaili. Dijkstra mwenyewe alisema baadaye kwamba kukosa kalamu kulimsaidia, maana kulimlazimu aepuke ugumu wote uliowezekana kuepukwa. Namwamini. Ndiyo maana napenda zoezi ambalo vijana hawa wanalifanya wakati mwingine wakirudi nyumbani kwa miguu: mmoja anatoa tatizo, mwingine analitatua kwa mdomo tu, mwenzake akimzuia kila anaporuka hatua.

Jambo la lugha nalo lina uzito. Usaili mwingi wa kampuni za Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko hufanyika kwa Kiingereza, na ule wa mbali hufanyika kwenye skrini, msaili akiutazama msimbo wako unavyoandikwa herufi kwa herufi. Kijana wa Tanga anawaza kwa Kiswahili. Akilazimishwa kutafuta wazo na sentensi ya Kiingereza kwa wakati mmoja, anachelewa katika vyote viwili na anaonekana hajui. Utaratibu wao ni kueleza kwanza kwa Kiswahili mpaka wazo linyooke, halafu, jioni nyingine, kulieleza wazo lilelile kwa Kiingereza. Nimeona faida yake kwa macho. Aliyelielewa tatizo kwa Kiswahili huzungumza Kiingereza chepesi, cha sentensi fupi, na msaili hapotei. Aliyekariri maelezo ya Kiingereza kutoka kwenye video hutiririka vizuri mpaka swali la kwanza la "kwa nini", kisha ananyamaza.

Anayeomba kazi ya TEHAMA serikalini anakutana na mpangilio mwingine. Sekretarieti ya Ajira huwa na usaili wa mchujo wa kuandika, kisha wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Matayarisho yanatofautiana kwa mambo mengi, ila mazoea ya kuuliza, kuchora mfano mdogo na kuhakiki jibu yanamfaa mtu kote.

Wako wanaohesabu matatizo. Tovuti kama LeetCode zina maelfu, na utamsikia kijana akijisifu kwamba amemaliza mia tatu. Siwalaumu, kwa sababu wingi unazoesha jicho. Lakini daftari ninaloliheshimu zaidi chumbani mle lina matatizo machache. Mwenye nalo akishatatua jambo analiandika upya baada ya siku kadhaa bila kuangalia, anaandika chini yake sentensi moja ya kilichomfungulia mlango, na anarudi tena baada ya wiki. Kwenye swali la Ngamiani ameandika: "Jiulize umefika hapa kutoka wapi." Sentensi hiyo, ukiichukua kama ilivyo, inafungua pia swali la chenji kwa idadi ndogo kuliko zote ya sarafu, la kulinganisha maneno mawili yaliyokosewa herufi, na la kupanda ngazi kwa hatua moja au mbili. Matatizo manne, ufunguo mmoja, na aliyeupata mwenyewe hatauazima tena.

Sasa kuna programu za akili bandia zinazoweza kulijibu swali la njia 35 kabla hujamaliza kulisoma. Wapo wanaosema maandalizi haya yamekwisha maana. Mimi nashikilia kinyume chake kwa nguvu zote. Mashine ikikuandikia mistari ile minne ya kwanza, ile iliyo sahihi lakini inayosahau, nani atakayeona kwamba kwenye mji wa kumi kwa kumi inajiita mara 369,511? Nani ataihakiki 17 kwa njia ya pili? Atakayesaini kazi hiyo kwamba iko tayari kubeba fedha za watu, au dawa za wagonjwa wa hospitali ya Bombo, lazima awe mtu aliyejizoesha kutokuamini jibu kwa kuwa tu limekuja haraka. Na kuitumia mashine kwa siri wakati wa usaili ni kuiba, kwanza kutoka kwa wenzako, kisha kutoka kwako mwenyewe, maana kazi utakayopewa utaikuta haikujui.

Yapo pia mambo madogo ya siku yenyewe, na fundi hayadharau. Bando linunuliwe jana yake. Simu iwe imechajiwa na iwe tayari kutoa mtandao endapo umeme utakatika, na msaili aambiwe mapema kwamba hilo linaweza kutokea. Kipaza sauti kijaribiwe na rafiki. Maji ya kunywa yawe karibu, kwa sababu kuzungumza saa nzima bila kukoma kunakausha koo. Ukikwama, sema umekwama wapi. Msaili mwenye utu atakupa kidokezo, na namna unavyokipokea kidokezo ni sehemu ya kile anachokipima. Msailiwa anayesema "ahsante, kwa hiyo unamaanisha nianze kutoka mwisho?" ameshaonyesha jinsi atakavyokuwa kazini.

Mwishoni msaili husema: una swali lolote kwetu? Vijana wengi hujibu hapana kwa adabu, wakiona kuuliza ni kujitanua. Binti wa jioni ile ameandaa matatu, ameyaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake na anayafanyia mazoezi kama anavyoyafanyia matatizo. La kwanza: msimbo wa mgeni unasomwa na nani kabla haujaingia kwenye mfumo wenu? La pili: mfumo ukianguka usiku, nani anaamshwa, na asubuhi yake mnaandika nini? La tatu analisema bila kushusha macho, na wenzake wamemsaidia kulinyoosha mpaka likawa sentensi moja: je, naweza kuifanya kazi hii nikiwa Tanga?